Maporomoko Niliyoyaona kwa Juu

Ahadi niliitoa nikiwa karani kijana bandarini Bujumbura, kazi yangu kusimama gatini na kuandika kila gunia linaloshuka na kila gunia linalopanda. Safari moja mkubwa wetu alinipandisha meli ya mizigo hadi Rumonge, na njiani, mchana kweupe, nikaona kitu ambacho sikujua kama nchi yetu inacho. Mlima ulikuwa umekatika ghafla mbele ya ziwa kama mkate uliokatwa kwa kisu. Majabali meusi yalishuka mpaka majini, na katikati yake palikuwa na kihori kidogo, ziwa limeingia ndani ya mawe, hakizidi ua wa kanisa. Juu ya kihori hicho maji meupe yalikuwa yakianguka moja kwa moja ziwani. Meli ilisogea, jabali likakiziba, kwisha. Niliporudi mtaani kwetu Buyenzi nilimsimulia msichana niliyekuwa namchumbia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Utanipeleka lini?"

"Tukishaoana," nikamwambia.

Tulioana. Sikumpeleka.

Mbaya zaidi, mimi mwenyewe nilirudi kule. Jumapili moja sisi makarani wanne tulibeba kreti ya bia na paja la mbuzi, tukashukia kwenye kijiji kidogo cha wavuvi, tukatembea juu ya mawe ya ukingoni kama dakika ishirini, tukafika. Tulioga chini ya yale maji tukipiga kelele kama vichaa. Mke wangu alikuwa nyumbani na mimba ya kwanza, miguu imemvimba. Nilirudi jioni ngozi imeungua na jua, nikamweleza kila kitu kwa kirefu, kama mtu aliyeleta habari njema. Alinipashia maji ya kuoga. Nami kwa upumbavu wangu nikadhani amefurahi.

Baada ya hapo kila mwaka ulikuwa na sababu yake. Miaka mingine barabara ya kusini haikuwa ya kupitika kwa mtu anayependa uhai wake, na hilo sikulifanya mimi. Lakini miaka ya amani nayo ilikuwepo, na hiyo niliimaliza kwenye viti vya kabare, baa zetu za mtaani, nikibishana juu ya mpira. Siwezi kumsingizia mtu mwingine.

Mwaka huu, akiwa anachambua maharage uani, mke wangu aliyapiga magoti yake yote mawili kwa kiganja. "Mzee," akasema, "haya magoti, we unayangojea nini? Mwaka huu ao basi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea.

Binti yetu wa mwisho ameolewa Gihosha na kijana mwenye gari dogo na adabu nyingi. Yule mkwe alikaa kwenye foleni ya petroli siku mbili ili apate ya kutupeleka na kuturudisha. Kwa hiyo siku ya safari ilikuwa moja tu, haikuwa na ndugu. Mke wangu anaimba kwaya, Jumapili haikuwezekana. Nikachagua Jumamosi.

"Baba, Jumamosi kuna kazi za jamii," binti yangu aliniambia kwa simu. "Mutafungiwa njia."

"Tutatoka saa kumi na mbili. Watatukuta tumeshafika."

Saa kumi na mbili mkwe alikuwa mlangoni, gari limeoshwa. Mke wangu alikuwa amevaa kitenge chake chekundu, yuko tayari na mwavuli na kikapu. Mimi nikasema twende kwanza sokoni kununua nyama. Nilitaka paja, paja kama lile la ujana wangu, na mchinjaji wa kwanza hakuwa nalo, na wa pili alikuwa na la jana. Tulipotoka Kanyosha, mwisho wa mji, ilikuwa imepita saa mbili na kamba imeshafungwa kukata barabara. Magari yamepangwa pembeni, watu wako mtaroni na majembe. Msimamizi wao, mtu mfupi mwenye filimbi, alikuja dirishani kwangu.

"Muzehe, karibu. Jembe iko."

"Mi niko mzee. Naenda mbali."

"Hata huu mutaro unaenda mbali," akasema, na wenzake wakacheka.

Mkwe alishuka na viatu vyake vya kanisani, akachukua jembe na kulima kwa niaba yangu. Nilibaki ndani ya gari nikitazama saa, nikiwalaani kimoyomoyo wote isipokuwa aliyestahili. Mke wangu alifungua kikapu, akala ndizi. "Nimengoja miaka," alisema, "masaa mawili ni nini?" Kamba iliondolewa saa nne na nusu.

Nilikuwa nimevurugika tangu hapo, na mtu aliyevurugika haoni vizuri. Sikuliangalia ziwa sawasawa. Tangu maji yapande miaka hii ya karibuni kila mtu wa Bujumbura anajua nyumba iliyomezwa, anajua ufuko uliokuwa na viti ambao sasa ni matope na viboko. Nilijua hayo yote kwa upande wa mjini. Haikunijia kwamba ziwa ni moja, kwamba maji hayapandi kwetu yakabaki chini kwa wengine. Nilimwona mkwe akitupia macho miti iliyosimama ndani ya maji, akifungua mdomo, akiufunga. Kwetu mkwe hambishii baba mkwe wake njiani. Nilikuwa napenda sana desturi hiyo.

Kijiji cha wavuvi nilikitambua kwa jabali lenye umbo la ng'ombe aliyelala. Nyumba zilikuwa zimesogezwa juu, karibu kabisa na barabara. Chini ya mwembe mmoja uliokatwa matawi kulikuwa na vitanda vya waya vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kando yake mzee mmoja amekaa kwenye kigoda na kidumu cha urwarwa, pombe yetu ya ndizi, kimechomekwa mrija. Alikuwa mzee wa rika langu, labda mimi nilimzidi kidogo. Mwanawe mkubwa alikuwa akishona wavu, na mama mmoja akigeuzageuza ndagala.

Nilimsalimia kwa Kirundi, haraka haraka, nimesimama. Alituitia vigoda. Nikasema hatukai.

"Mnakwenda wapi na jua hili?" akauliza.

"Kwenye maporomoko. Nimewahi kufika, njia naijua."

"Unaijua?"

"Kabla hujaota mvi niliipita."

Alinitazama, akatabasamu kidogo. Kisha akainua kile kidumu, akavuta funda moja mbele yetu, akameza, akanielekezea mrija.

Hapa lazima niseme wazi nilichokifanya, kwa sababu siku yote ilining'inia hapo. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwa macho yake kwamba ndani hakuna kitu kibaya. Akishaonja, mgeni hupokea. Kama hanywi pombe, hugusa mrija kwa midomo tu, na yanaisha kwa amani. Kuukataa baada ya mwenyewe kuonja ni kumwambia mbele ya watoto wake na jirani zake kwamba yeye ni mtu wa sumu. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo ukubwani. Nililinyonya pamoja na maziwa. Nami niliusukuma ule mrija kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayefukuza nzi, nikasema, "Apana, apana, saa zimekwisha." Tena nililisema kwa Kiswahili cha mjini, kana kwamba Kirundi changu kilikuwa kimeisha pamoja na saa.

Yule mama aliacha kugeuza ndagala. Mwana wa mzee aliweka wavu chini. Mkwe wangu akaanza kuvichunguza viatu vyake.

"Basi," mzee akasema, akiurudisha mrija kwenye kidumu taratibu. "Anayeijua njia haelekezwi."

Mke wangu alishusha kikapu, akavuta kigoda, akaketi. "Mi magoti yananiuma," akasema. "Tangulieni mukaangalie njia. Mutaniita."

"Si mbali, mama. Dakika ishirini."

"Nendeni."

Nilikasirika kwamba anakaa wakati nimetoka mjini kwa ajili yake. Sikujua kwamba amekaa kuziba shimo nililolichimba. Tuliondoka, na tulipokuwa mbali kidogo nilisikia sauti nyuma yetu, watu wakiita. Nikadhani wanatutakia safari njema. Nikapunga mkono bila kugeuka.

Njia ya mawe haikuwepo. Ukingo tulioutembea makarani wanne na kreti ya bia ulikuwa chini ya maji ya kijani, na jabali lilisimama wima kutoka majini kama ukuta wa ghala. Wimbi dogo lilikuwa likipigapiga kwenye ufa na kutoa mlio wa mtu anayekunywa supu. Nilisimama pale na suruali yangu ya pasi. Mtu mwenye akili angerudi.

"Tupite juu," nikasema.

"Baba mukwe," mkwe akaanza, "labda tungeuliza..."

"Tuulize nini? Maji hayawezi kupotea. Tukifuata juu tutayasikia."

Tulipanda. Genge lile kutoka ziwani ni zuri kutazama. Ukilipanda kwa sandali ni adui. Mawe yake yamevunjikavunjika, ukiweka mguu yanakimbia. Majani ya juu yanakata kama wembe. Tulishuka kwenye korongo moja nikidhani ndilo, tukakuta tope na mbuzi aliyefungwa. Tukapanda tena. Kwenye shamba la mihogo mama mmoja aliyekuwa analima alijiegemeza kwenye jembe akatutazama tulivyojaa vumbi.

"Wazee, mmepoteza ng'ombe?"

"Tunatafuta maporomoko!"

"Huku juu?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Huku juu ni kijito tu. Kuanguka kunaanguka kule chini!"

Mkwe aligeuka upande mwingine, mabega yakamtikisika. Nilijifanya sikuona. Jasho lilikuwa likiniingia machoni, goti langu la kushoto, nililojidai kwamba ni zima kuliko ya mke wangu, lilikuwa limeanza kupiga ngoma. Paja la mbuzi lilikuwa mkononi mwa mkwe ndani ya mfuko wa karatasi, likivuja.

Tukafuata kile kijito. Hakikuzidi upana wa mlango. Kilipita kati ya mawe mawili, kikainama, kikatoweka, na pale kilipotowekea tukasikia mngurumo. Nililala kifudifudi nikajivuta mpaka kwenye ukingo, mkwe akinishika miguu bila kuombwa.

Kilikuwa kile kile. Ziwa lilikuwa limeyameza mawe tuliyokalia zamani, lakini kihori kilikuwepo, maji yamekaa kimya ndani yake kama kwenye beseni, na kutoka chini ya kidevu changu yale maporomoko yalikuwa yakienda zake chini, meupe, yakigeuka unga kabla ya kufika. Nikasema ndani yangu, nimepaona, sasa nitamrudia mama nimlete, hata kama ni kwa kumbeba.

Kisha mtumbwi ukatokea kwenye mlango wa kihori.

Mwana wa yule mzee alikuwa akipiga kasia nyuma. Mzee mwenyewe alikaa katikati. Mbele, mwavuli umefunguliwa, kitenge chekundu, alikaa mke wangu, mnyoofu kama mtu aliye kwenye kiti cha mbele cha teksi.

"Baba," mkwe akasema kwa upole nyuma yangu, "ni mama."

"Naona."

Walimsogeza mpaka vumbi la maji likamfikia. Alifunga mwavuli. Akanyoosha mikono yote miwili, kichwa akakiinamisha nyuma. Sikuweza kusikia kitu kwa mngurumo, lakini niliona mdomo wake uko wazi, na sikujua kama anacheka, anaimba au analia. Nimeishi naye miaka yote hii, na kutoka kule juu sikujua. Niliita. Niliita jina lake ambalo huwa silitumii mbele za watu. Maji yalilichukua jina likaanguka nayo.

Nikasema nitashuka.

"Baba mukwe, apana," alisema mkwe, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia tangu alipomwoa binti yangu. Sikumsikiliza. Niliona kama ngazi ya mawe pembeni ya maji, nikageuka, nikashusha mguu, nikashusha wa pili. Mawe matatu yalikuwa mazuri. La nne lilikuwa na utelezi wa ukungu wa maji. Nikakwama nimekumbatia jabali, tumbo limelowa, siwezi kupanda, siwezi kushuka, shavu langu limebanwa kwenye mwani. Nilijaribu kugeuza kichwa angalau nitazame chini. Sikuweza. Maporomoko yalikuwa karibu kiasi cha kuyagusa, na nilichokuwa naona ni jiwe.

Mkwe alinivuta kwa mkanda wa suruali. Kijana wa watu, mwenye adabu zote zile, alimshika baba mkwe wake kiunoni akamburuta kama gunia, huku anasema "samahani, samahani." Nilipofika juu na kupata pumzi, kihori kilikuwa kitupu. Mtumbwi ulikuwa umeshapinda jabali. Juu ya maji pale pa kutokea palibaki mikunjo miwili mitatu, nayo ikafutika.

Tulirudi. Pale kijijini mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, nywele zimelowa, sahani ya ugali na ndagala mapajani, anakula na yule mama kama watu waliolelewa pamoja.

"Mumechelewa," akasema.

"Kwa nini hukuningoja?"

"Tuliwaita, baba watoto. Huyu muzehe alisema njia imekufa, siku hizi ni mtumbwi tu, na ni kabla ya upepo. Tuliita sana. We ukapunga mukono."

Mkwe alikaa chini akavua viatu. Niligeuka kwa mzee. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakuniambia pale mwanzo, na jibu nililijua kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nikamwuliza jambo jingine, kwa Kirundi safari hii, na nimeketi. Je, mwanawe anaweza kutupeleka tena, mimi na mke wangu, mara moja tu? Mzee alitazama ziwa. Upepo wa mchana ulikuwa umeamka, maji yameota pembe nyeupe mpaka upande wa Kongo.

"Leo basi," akasema. "Pale kwenye mlango wa mawe mtumbwi utapasuka. Upepo haufukuzwi kwa mkono."

Halafu akainua kidumu. Alivuta funda, akameza, akanielekezea mrija. Niliupokea kwa mikono miwili, nikanywa. Ilikuwa ya moto na chungu, na nilikunywa mafunda matatu.

"Tungoje kidogo," akasema mzee kwa sauti ya mtu anayempima mgonjwa. "Kama hafi, nitakunywa tena na mimi."

Walicheka wote, mke wangu kuliko wote, akijifuta macho kwa pindo la kitenge. Nilicheka pia. Paja la mbuzi tulimwachia yule mama, lilikuwa limeanza kunuka.

Ndani ya gari nilimwambia mke wangu kwamba tutarudi, mwezi ujao, mapema, siku isiyo na kazi za jamii. Mkwe aliangalia mshale wa petroli. Mke wangu alinipapasa mkono kama anavyowapapasa wajukuu.

"Usiahidi," akasema. "Mi nimeshaona."

Sasa wageni wakija, mke wangu huwasimulia. Husema maji yale ni baridi kuliko ya ziwa, kwamba nyuma yake kuna pango dogo lenye ndege wadogo weusi, kwamba ukikaa karibu huwezi kujua kama unalia, na kwamba yule kijana wa kasia alimwonyesha mahali ambapo zamani watu walikuwa wanakaa kuchoma nyama. Pango sikuliona, wala sikuliona siku ile ya makarani, maana tulikuwa na kelele nyingi. Juzi jirani mmoja alinigeukia katikati ya hadithi.

"Na we muzehe, uliogopa kuingia chini ya yale maji?"

Mke wangu akanitangulia kujibu, bila ubaya wowote, akimwongezea mgeni chai.

"Yeye hakuwepo," akasema. "Uniulize mimi."